PRINTA YA KUCHAPISHA JUU YA SIDII: TUCHAGUE IPI?

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Nyumbani kwetu msemo huu ulitimia neno kwa neno, kwa kuwa mjukuu mwenyewe ni mimi, na majuto yaliletwa na kipande cha karatasi chenye gundi.

Msomaji mpendwa, tulia nikusimulie. Mwaka wa 2006 mjomba wangu alimrekodi babu akieleza maisha yake ya kazi ya reli. Mazungumzo hayo yakachomwa kwenye sidii moja tu. Mjomba, kwa kutaka mambo yapendeze, akanunua stika ya mviringo, akachapisha juu yake picha ya babu na jina lake, kisha akaibandika kwenye sidii. Babu alituaga mwaka wa 2009. Nyanya akaifunga ile sidii kwa kitambaa na kuitia ndani ya sanduku la bati, pamoja na hati ya shamba.

Likizo ya Aprili nilimwomba nyanya tuisikilize. Stika ilikuwa imeanza kubanduka ukingoni kwa ajili ya joto la lile sanduku, na sidii ikawa inakwama ndani ya radio. Nikaona hilo ni jambo dogo. Nikaishika ile ncha iliyoinuka, nikaivuta. Loo! Karatasi ilitoka pamoja na ngozi ya fedha ya sidii. Nilipoiinua juu kuelekea jua, niliona mwanga ukipenya kama kwenye bati lililotoboka.

Ajabu ni kwamba sidii hiyo bado inacheza. Babu anasalimu, anataja kijiji chake, anaeleza alivyoandikwa kazi. Halafu anafika mahali anasema siku moja treni ilichelewa pale Voi, naye akamwona msichana mmoja amekaa juu ya gunia. Hapo sauti inakatika. Msichana yule ni nyanya. Nilimwomba animalizie hadithi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, hiyo ilikuwa ya kusema yeye."

Sasa unaelewa kwa nini, Chama chetu cha Kiswahili kilipokata shauri kurekodi hadithi, vitendawili na nyimbo za wazee wa hapa kwetu ili tuziuze Siku ya Wazazi, mimi katibu nilisimama mkutanoni nikapaza sauti: "Wenzangu, stika hapana!" Mwalimu mlezi alicheka akasema, "Vyema, Katibu. Kwa kuwa umesema, kazi ni yako. Katafute printa inayochapisha moja kwa moja juu ya sidii, halafu uje utueleze." Makala haya ndiyo maelezo yenyewe.

UBAYA WA STIKA

Kwanza tuielewe sidii. Philips na Sony waliileta sokoni mwaka wa 1982. Ni sahani ya plastiki ngumu yenye upana wa milimita 120 na unene wa milimita 1.2, na katikati ina tundu la milimita 15. Wengi wetu hudhani kwamba upande wa kuchungwa ni ule wa chini unaong'aa. Kumbe sivyo! Mwale wa leza huingia kwa chini, ukapita ndani ya plastiki yote, ukagonga utando mwembamba wa madini ulio juu kabisa, kisha ukarudi. Utando huo umefunikwa kwa vanishi nyembamba tu. Kwa hiyo mkwaruzo mdogo upande wa chini huenda usidhuru kitu, lakini mkwaruzo upande wa picha unakata maneno yenyewe. Ukibandika stika halafu ukaivuta, gundi inaondoka na vanishi na madini pamoja. Hayo ndiyo yaliyonipata.

Tena sidii husomwa kuanzia katikati kuelekea ukingoni, kinyume cha santuri za wazee wetu. Ndiyo maana mwanzo wa hadithi ya babu upo na mwisho haupo. Mimi nilibandua ukingo.

Dividii ni tofauti kidogo. Hiyo ina vipande viwili vya milimita 0.6 vilivyogundishwa, na data imelala katikati kama nyama ndani ya sambusa. Stika haiwezi kuing'oa kwa urahisi. Lakini usishangilie mapema. Dividii huzunguka kwa kasi sana, na stika iliyobandikwa upande hata kidogo huifanya iyumbe kama gurudumu la baiskeli lililopinda. Karatasi nayo ikikauka hujikunja na kuivuta sahani, na leza inashindwa kulenga. Na katika radio za gari zinazomeza sidii kwa mdomo mwembamba, stika ikibanduka humo ndani, utamtafuta fundi.

Je, kalamu? Kalamu ya bolpeni ni hatari, kwani ncha yake inakandamiza vanishi. Kalamu laini yenye wino wa maji inafaa, hasa ukiandika kwenye mduara wa katikati usio na data. Mwenye sidii tano asinunue printa. Aandike kwa kalamu hiyo, mambo yaishe. Printa inatafutwa na mwenye sidii nyingi, naye anataka zipendeze.

PRINTA GANI INAWEZA?

Hapa ndipo nilipotaka kuliwa. Nilifika katika duka moja mjini, nikamweleza muuzaji shida yangu. Akanionyesha printa nzuri yenye kung'aa. "Chukua hii, kijana wangu. Hii inachapisha kila kitu." Nilikuwa nimebeba sidii tupu mfukoni. Nikaitoa, nikamwuliza kwa heshima, "Mzee, naomba unionyeshe hii inaingilia wapi." Akaigeuza printa mbele, akaigeuza nyuma, akafungua mlango huu na ule. Mwishowe akasema, "Hebu jaribu duka la pale mbele." Pesa za chama, tulizopata kwa kuuza mandazi na kuigiza tamthilia, zikapona siku hiyo.

Tangu hapo nimejifunza maswali ya kuuliza. Yashike, msomaji, yatakufaa.

Swali la kwanza: Je, ni ya wino au ya leza? Printa ya leza iondoe kabisa. Hiyo hubana karatasi kwenye mtambo wenye joto linalozidi nyuzi 150, na sidii ikipita humo itakunjika kama chapati, mbali na kuiharibu mashine. Tunataka printa ya wino, ile inayorusha matone madogo madogo bila kuugusa uso wa kitu kinachochapishwa.

Swali la pili: Je, ina njia iliyonyooka? Printa nyingi za nyumbani huvuta karatasi kutoka chini, zikaizungusha kwenye roli, ikatokea mbele. Karatasi inakubali kukunjwa, sidii haikubali. Printa ya sidii lazima iwe na nafasi ambapo trei bapa inaingia moja kwa moja na kutoka moja kwa moja. Kama haina nafasi hiyo, hakuna ufundi wala programu itakayoiongezea.

Swali la tatu: Trei yenyewe iko wapi? Trei ni kile kibao cha plastiki chenye shimo la kulaza sidii. Printa huitambua kwa alama zilizochorwa juu yake. Kila namna ya printa ina trei yake. Canon, kwa mfano, huandika herufi juu ya trei zao ili watu wasichanganye. Ukitumia trei isiyo yake, picha itatua pembeni, au printa itakataa kata kata. Basi ukinunua printa iliyotumika, usilipe hata ndururu kabla ya kuiona trei. Wenye printa wengi huipoteza, kwa kuwa hukaa kabatini miezi mingi bila kazi.

Swali la nne: Printa inatoka nchi gani? Swali hili liliwashangaza wenzangu, lakini lina maana. Katika miaka ya 2000 Canon waliuza huko Marekani printa ambazo kwa sura ni zile zile za Ulaya na Asia, lakini zile za Marekani zilikuwa zimenyimwa uwezo wa kuchapisha sidii. Kwa hiyo shangazi aliye ng'ambo akikuletea zawadi ya printa ya zamani, usitegemee jina lililoandikwa mbele tu. Fungua uone kama pana nafasi ya trei.

Sasa majina. Epson wana historia ndefu katika kazi hii: Stylus Photo R200 na R300 za zamani zilijulikana kwayo, kisha zikaja za matangi kama L800, L805 na L850, na baadaye L8050. Upande wa Canon kuna PIXMA iP7250, na TS705 iliyokuja baadaye. Jihadhari lakini: si kila Epson inachapisha sidii, wala si kila Canon. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja anaimba na mwingine hawezi. Soma namba yote mpaka mwisho.

WINO: KATRIJI AU TANGI?

Mweka hazina wetu hana mchezo na pesa. Aliniuliza mbele ya watu wote, "Katibu, hiyo printa itatunywea wino kiasi gani? Usije ukatuletea ng'ombe anayekula na hakamuliwi."

Nikamtolea hesabu ubaoni. Sidii inayochapika mpaka karibu na tundu ina sehemu ya rangi inayoanzia kama milimita 23 za kipenyo hadi 118. Ukipiga hesabu ya duara unapata takriban sentimita mraba 105. Karatasi ya A4 ina takriban 624. Gawanya: sidii moja ni kama sehemu ya sita ya karatasi moja iliyojaa rangi. Sisi tunataka nakala 80. Hizo ni sawa na karatasi 14 tu za picha. Mweka hazina akakuna kichwa akasema, "Kumbe si nyingi."

Si nyingi, ndiyo, lakini ukitumia katriji ndogo bado utaumia. Katriji huwa na wino kidogo wa bei kubwa, na rangi moja ikiisha kazi inasimama hata kama zingine zimejaa. Printa ya tangi humiminiwa wino kutoka kwenye chupa. Epson walianza kuziuza nchini Indonesia mwaka wa 2010, na baadaye zikaenea mpaka huku. Bei yake ya kununua iko juu, ila kila ukurasa baadaye ni rahisi. Kanuni niliyowapa wenzangu ni hii: mwenye kazi ya mara moja kwa mwaka, katriji inatosha au alipe dukani achapishiwe, mwenye kazi ya kila wiki, tangi.

Kuna jambo moja watu hulisahau. Printa ya wino haipendi kukaa bure. Wino hukauka kwenye vitundu vyake vidogo kuliko ncha ya sindano, na kuvizibua kunakula wino mwingi. Chapisha ukurasa mmoja wa rangi kila wiki, hata kama ni ratiba ya zamu ya kufagia.

SIDII ZENYEWE

Usidhani kwamba ukipata printa umemaliza. Sidii ya kawaida yenye uso wa fedha au iliyokwisha chapwa jina la kampuni haishiki wino. Wino unakaa juu yake kama maji kwenye jani la mgomba, ukiugusa unakupaka. Lazima ununue sidii zenye uso mweupe uliopakwa dawa ya kunyonya wino. Boksi lake limeandikwa kwamba zinachapika kwa printa ya wino. Soma vizuri, maana kuna nyingine zinazofanana nazo zilizotengenezewa mashine za joto za viwandani. Hizo nazo hazinyonyi.

Ukikosa hakika, lowesha kidole kidogo, gusa ukingo wa sidii moja. Uso unaonyonya utanata kidogo na kuacha alama. Uso usionyonya utabaki na tone lako juu yake. Hiyo sidii ya majaribio usiichome tena, iweke ya kujifunzia.

Tazama pia ukubwa wa sehemu nyeupe. Zingine huanzia mbali na tundu, kama milimita 46 za kipenyo, zingine huanzia karibu, milimita 22 au 23. Kwenye programu ya printa kuna mahali pa kuandika vipimo hivi viwili, cha ndani na cha nje. Ukikosea hapo, wino utamwagikia kwenye plastiki tupu au kwenye trei, na sidii inayofuata itatoka na uchafu mgongoni.

NAMNA YA KUFANYA KAZI

Fuata mpango huu. Choma data kwanza, isikilize yote, ndipo uchapishe. Ukichapisha kwanza, alama za vidole na vumbi vinaweza kuharibu uchomaji, nawe utakuwa na sidii yenye picha nzuri na tumbo tupu. Jaribu mchoro wako kwenye sidii mbovu moja kabla ya kugusa nzima. Weka trei wakati printa inapokuambia, si kabla. Usiache sidii ndani ya trei na kutia karatasi juu yake.

Ikishatoka, usiipange juu ya mwenzake kama sahani za mabweni. Iache ikauke mahali pasipo jua kwa saa 24. Na hata ikikauka, wino huu haupendi maji. Mikono ya jasho, mvua, chai iliyomwagika, vyote vitaiharibu picha. Lakini angalia: picha ikiharibika, sauti bado ipo. Si kama stika yetu, ambayo ilipoharibika iliondoka na sauti.

JE, INAFAA KWELI SIKU HIZI?

Kuna mwenzetu mmoja wa Kidato cha Nne aliinua mkono akasema, "Katibu, kwani bado kuna mtu anatumia sidii? Laptopu mpya hazina hata mahali pa kuiweka. Tia vitu kwenye flashi au kwenye simu, mambo kwisha."

Swali lake ni la haki na sitaki kulikwepa. Ni kweli sidii zimepungua. Kama wasikilizaji wako wote wana simu na bando, usinunue printa ya sidii. Lakini sisi tuliwauliza wazee tuliowarekodi wangependa kuzisikia sauti zao kwa njia gani. Wengi walisema wana mashine ya dividii chini ya televisheni, na kwamba simu ni za watoto. Tena flashi ina tabia moja: leo imebeba hadithi ya nyanya, kesho mtu anaifuta ili atie sinema. Sidii ya kuchomwa mara moja haifutiki. Hiyo ndiyo faida yake. Hasara yake ni kwamba nayo huzeeka, hasa ikikaa kwenye joto. Kwa hiyo nakala moja si akiba, iwe ni sidii, flashi au simu. Babu alikuwa na nakala moja.

Baada ya kupima haya yote, niliupendekezea mkutano printa ya tangi ya rangi sita, aina ya L8050. Sababu yangu kubwa haikuwa sidii peke yake. Printa hiyo huchapisha pia picha na kadi ngumu za plastiki. Siku sidii zitakapokwisha duniani, itatutengenezea kadi za maktaba na vyeti vya chama, na pesa za mandazi hazitakuwa zimepotea. Mweka hazina aliuliza maswali saba, nikayajibu matano, mawili akayajibu Mwalimu. Kura zikapigwa, tukakubaliana: tuendelee, kwa sharti kwamba kila sauti ihifadhiwe mahali patatu, yaani kwenye sidii ya maktaba, kwenye kompyuta ya shule, na kwa mzee mwenyewe.

Likizo ijayo nitakwenda kwa nyanya na kifaa cha kurekodia. Nimekwisha kumwambia. Alikataa, kisha akauliza kama picha yake itakuwa pale juu ya sidii, naye achague leso ya kuvaa. Nikamwambia itakuwepo, tena bila gundi. Akacheka. Akasema basi labda atanieleza alikuwa amebeba nini ndani ya lile gunia pale Voi.

Ndugu msomaji, chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na nyenzo huchaguliwa kwa macho mawili, si kwa maneno ya muuzaji. Kama kwenu kuna sidii yenye sauti ya mtu uliyempenda na juu yake pana stika, nakusihi usiivute. Iache hivyo hivyo, itie kwenye kompyuta leo, uinakili. Naomba kukomea hapo. Kwaheri ya kuonana.